Prosesa Iliyopungua Kasi: Pima Kabla ya Kulaumu



Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa Mombasa, nasi tumeona yafaa ijibiwe hapa ukumbini kwa kuwa shida yake ni shida ya nyumba nyingi. Alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika kutoka kwa kijana wa jirani yake, ili yeye aifanyie kazi ya kupiga chapa nyumbani na watoto wapate kuisomea. Aliambiwa kwamba prosesa yake ina kasi ya gigahezi 3.2. Miezi mitatu ilipita kwa raha, kisha kompyuta ikaanza kujikokota. Mwanawe alipofungua ukurasa wa vipimo aliona kasi imeandikwa 0.8. Fundi akaitwa, akaitazama kwa dakika chache, akasema prosesa imechoka na kuibadilisha ni shilingi 7,000. Baba wa nyumba naye ameshikilia kwamba wameuziwa kitu kibovu. Mama anaandika kwamba salamu baina ya nyumba hizo mbili zimeanza kupoa, na anauliza: alipe, au airudishe?

Jibu letu ni kwamba asifanye lolote kati ya hayo mawili mpaka apime. Mtu hawezi kusema ameibiwa unga ilhali hajaushika pishi akaupima. Hiyo 0.8 aliyoiona mtoto huenda ikawa dalili ya ugonjwa, na huenda ikawa ni dalili ya afya. Tofauti baina ya hayo mawili hujulikana kwa muda wa robo saa, bila ya kutoa hata senti.

Kwanza tuelewe maana ya kasi. Prosesa ndicho kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na kazi yake huenda kwa mapigo. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Lakini prosesa za siku hizi hazina kasi moja tu. Tuchukue mfano wa Core i5-6500 ya Intel, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo imo katika kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa baada ya kutumika maofisini. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.2. Kazi ikizidi, huweza kupanda mpaka 3.6. Na ikiwa haina la kufanya, hujishusha mpaka 0.8 ili isile umeme wala isitoe joto bure.

Ni kama mpishi wa shughuli. Ukimkuta ameketi kwenye mkeka baada ya wageni kula, huwezi kusema kwamba mpishi huyu ni mvivu. Mtazame wakati masufuria yako motoni na watu wamekwisha kunawa mikono. Vivyo hivyo, kasi ndogo ya kompyuta iliyokaa bure si aibu. Aibu ni kubaki chini wakati kazi imejaa.

Basi kipimo ni hiki. Katika kompyuta yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vitatu: Ctrl, Shift na Esc. Hufunguka programu iitwayo Task Manager. Ikiwa ni ndogo na haina maelezo, bonyeza pale chini palipoandikwa "More details". Kisha chagua "Performance", halafu "CPU". Utaona mchoro unaopanda na kushuka, na chini yake maneno matatu yanayotuhusu. "Utilization" ni kiasi cha kazi kwa asilimia. "Speed" ni kasi ya wakati huo. "Base speed" ni kasi ya msingi, ile aliyoiahidi mtengenezaji. Andika kasi ya msingi kwenye karatasi.

Sasa ipe kompyuta kazi. Fungua kurasa kadhaa za intaneti, weka video icheze, na uamuru programu ya ulinzi ikague kompyuta yote. Rudi utazame ile kasi. Andika ulichokiona mwanzoni, kisha baada ya dakika tano, kisha baada ya dakika kumi na tano. Hayo ni matatu tu, lakini yana faida kuliko maneno mengi ya kukisia.

Matokeo ya kwanza: kasi ilikuwa chini kompyuta ilipokaa bure, lakini ilipopewa kazi ikaruka mpaka kufikia kasi ya msingi au kuipita, na ikabaki hapo. Prosesa hiyo ni nzima. Ikiwa kompyuta bado ni nzito, tafuta mkosaji mwingine. Katika ukurasa uo huo tazama "Memory" na "Disk". Diski ikikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu huku prosesa haina kazi kubwa, basi ucheleweshaji uko kwenye diski, na prosesa mpya haitakusaidia chochote. Kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ile isiyozunguka, iitwayo SSD, ndiko kunakoleta nafuu kubwa katika kompyuta za namna hiyo. Na kumbukumbu ikiwa imejaa, huenda kipande kimoja cha kuongezea kikatosha. Tazama pia orodha ya "Processes" uone kama ipo programu usiyoijua inayokula nguvu za prosesa mchana kutwa; yumkini ni programu ya hila iliyoingia pamoja na kitu kilichopakuliwa na watoto.

Matokeo ya pili: kasi ilianza vizuri, lakini kadiri dakika zilivyopita ikateremka chini ya kasi ya msingi, labda 2, labda 1, na huenda hata 0.8. Hii ni alama ya joto. Prosesa imeundwa ijilinde. Ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi za aina tuliyoitaja ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Joto likiendelea kupanda, kompyuta hujizima. Kwa hiyo upole wake hapa si kuchoka. Ni mtu aliyebeba gunia juani akaamua kutembea polepole ili asianguke.

Matokeo ya tatu: kasi imefungwa chini tangu kompyuta ilipowashwa asubuhi ikiwa baridi, na haipandi hata kidogo kwa kazi yoyote. Hapo joto silo la kushukiwa kwanza. Sababu huwa kwenye mipangilio, au kwenye umeme unaoifikia prosesa. Na hapa pana jambo la kuangalia. Katika Windows 10 ile asilimia ya kazi huhesabiwa kwa kulinganishwa na kasi ya msingi. Prosesa ya 3.2 iliyofungwa kwenye 0.8 huweza kuonyesha asilimia 25 tu, ilhali imezidiwa kabisa. Mtazamaji akadhani inapumzika, kumbe inahema. Ndiyo sababu tumesema utazame ile kasi yenyewe inapopewa kazi, usitosheke na asilimia.

Tukishajua tuko wapi, tuanze na dawa zisizo na gharama.

Kwa matokeo ya tatu, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wake ukutani, ngoja dakika chache kisha uiwashe upya. Ikiwa haikusaidia, ingia "Control Panel", kisha "Power Options". Huenda imewekwa kwenye "Power saver", yaani mpango wa kubania umeme. Chagua "Balanced" au "High performance". Ndani ya mpango huo, katika mipangilio ya ziada, pana sehemu iitwayo "Processor power management", na chini yake "Maximum processor state". Hapo pawe asilimia 100. Watu hupunguza namba hiyo ili kuzuia joto, kisha husahau, na atakayeinunua kompyuta baadaye hujikuta na prosesa iliyofungwa kamba.

Zaidi ya hayo kuna mipangilio ya ndani iitwayo BIOS, ambayo hufunguliwa kompyuta inapowaka. Humo ndimo unamoweza kuzimwa uwezo wa prosesa wa kupanda na kushuka. Na ukiona tarehe na saa za kompyuta hupotea kila umeme ukikatika, fahamu kwamba ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, ya aina ya CR2032, imekwisha. Betri hiyo ikifa, mipangilio ya BIOS huweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Ni betri ya bei ndogo inayopatikana kwa wauza saa. Ikiwa yote hayo yamefanywa na kasi ingali imefungwa, hapo ni zamu ya fundi kuangalia kile kisanduku cha kugawa umeme na bodi kuu. Bodi iliyoharibika huweza kuiletea prosesa taarifa ya uongo kwamba pana joto, nayo ikatii.

Kwa matokeo ya pili, adui ni vumbi, na sisi watu wa pwani tuna haja ya kulijua zaidi kuliko wengine. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Vumbi likichanganyika na unyevu hugeuka utando unaong'ang'ania. Isitoshe, kompyuta iliyonunuliwa wakati wa baridi ya kusi ikafanya kazi vyema, huanza kulalamika kaskazi ikiingia na chumba kikawa na joto la kutosha kuifanya ngozi kutoka jasho mtu akiwa ameketi tu. Miezi mitatu ya raha, kisha taabu: barua ya mama yetu inaafikiana na hali hiyo, ingawa ni kipimo kitakachoamua.

Anza na mahali ilipowekwa. Kompyuta ikifungiwa ndani ya kabati la meza, au ikisukumwa mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, hupumua hewa yake mwenyewe ya moto. Ipishe nafasi ya shibiri moja nyuma na ubavuni. Usiiweke juu ya zulia wala mkeka, wala karibu na jiko. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyovifunika vyombo vyetu, viondolewe kompyuta inapowashwa.

Kisha isafishwe. Izime, chomoa waya, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani utoke. Iweke mezani mahali penye mwanga, watoto wadogo wakiwa mbali. Fungua ubavu wa sanduku. Gusa chuma cha sanduku kwanza ili umeme wa mwili wako usiruke kwenye vipande vya ndani. Utaiona feni iliyokaa juu ya kipande cha chuma chenye mapezi membamba. Chini ya hicho ndipo ilipo prosesa. Mwanamke aliyewahi kuona seredani iliyojaa jivu hahitaji kuelezwa zaidi: moto hauwaki kwa kukosa upepo, na hapa joto haliondoki kwa kukosa upepo. Tumia brashi laini iliyo kavu. Shika mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, sugua taratibu baina ya mapezi, na vumbi lipulizwe kuelekea nje. Usitumie kitambaa kibichi, wala mashine ya kufyonza vumbi, kwani huweza kuzalisha umeme tuli. Na kile kisanduku cha kugawa umeme usikifungue kabisa, maana huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Ukimaliza, iwashe na utazame kama feni inazunguka sawasawa, kisha rudia kile kipimo cha robo saa. Ziko programu za bure, kama HWiNFO na Core Temp, zinazoonyesha joto la prosesa. Ikiwa imekaa bure na joto ni kati ya 40 na 50, hapana neno. Ikifanya kazi nzito ikawa baina ya 60 na 80, bado ni salama. Ikipita 90 huku kasi ikiteremka, dawa haijapatikana.

Hapo ndipo aitwe fundi, naye aambiwe la kufanya kwa jina. Baina ya prosesa na kile chuma chenye mapezi hupakwa uji mzito wa kupitishia joto, ambao mafundi huuita pesti. Baada ya miaka kadhaa uji huo hukauka. Fundi auondoe wa zamani, asafishe, na apake mpya kiasi cha punje moja ya dengu. Aangalie pia kama chuma hicho kimekaza vizuri. Katika kompyuta nyingi hushikwa kwa miguu minne, na mguu mmoja ukilegea, pengine kwa sababu ya mtikiso wa safari, joto halipandi kwenye chuma ipasavyo. Kazi hiyo haifanani hata kidogo na gharama ya prosesa mpya.

Na hili tulikazie. Kwa kawaida prosesa haipungui kasi kwa uzee. Huweza kufa, lakini haizeeki ikawa nzito kama goti la mtu. Fundi akisema imechoka, muulize kwa adabu: joto lilikuwa nyuzi ngapi? Kasi ilikuwa ngapi ilipopewa kazi? Ilianza chini au iliteremka? Fundi mwema atafurahi kuulizwa, na wengi wao ni wema. Asiyekuwa na jibu hajapima. Na ukiweka prosesa mpya chini ya feni ileile iliyozibwa, baada ya muda mfupi nayo itakuwa nzito, na shilingi 7,000 zitakuwa zimekwenda na maji.

Limebaki jambo moja, nalo ni kasi uliyoahidiwa. Kabla ya kusema kasi imepungua, hakikisha kwamba uliitarajia ile iliyo sawa. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About", usome jina kamili la prosesa. Neno i5 peke yake halitoshi. Core i5-650 ya mwaka 2010 na Core i5-6500 ya mwaka 2015 zimetofautiana kwa sifuri moja tu, na zote mbili zina kasi ya msingi ya 3.2. Lakini ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi na ya pili ina vinne, na kila pigo la ile mpya hufanya kazi zaidi. Herufi ya mwisho nayo ina maana. Core i5-6500T, inayowekwa katika kompyuta ndogo za kubania umeme, kasi yake ya msingi ni 2.5. Mwenye hiyo akiona 2.5 hakudhulumiwa kitu. Ndiyo stahiki yake. Bali akiwa ameuziwa kwa jina la 6500 isiyo na T, hapo ana neno la kusema.

Na neno hilo lina njia yake. Dini yetu imekataza kupunja kipimo na kuficha aibu ya bidhaa, na mafakihi wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kilichouzwa na aibu iliyofichwa. Lakini dini hiyohiyo imekataza dhana mbaya. Mwenye kudai aibu ya zamani ni lazima aonyeshe kwamba ilikuwepo siku ya mauzo. Vumbi lililoingia baada ya hapo, au mpangilio uliobadilishwa na mtoto, si deni la muuzaji.

Basi shauri letu kwa mama huyu, na kwa kila mwenye shida kama yake, ni hili. Fanya kipimo, ukiandike kwenye karatasi: jina la prosesa, kasi ya msingi, kasi ya mwanzo, ya dakika ya tano na ya kumi na tano. Safisha, upime tena. Ikipona, nenda kwa jirani ukamwamkie kama ulivyozoea, na ikiwa neno zito lilikwisha kumfikia, ombeni radhi. Isipopona, mwite yule kijana nyumbani, baba wa nyumba akiwepo, mumwonyeshe karatasi bila ya kupaza sauti. Huenda yeye mwenyewe hakujua. Mwenye karatasi ya vipimo hahitaji ukali, na jirani hana bei ya shilingi 7,000.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika mizani zetu na katika ndimi zetu, na atuhifadhie ujirani mwema. Wabillahi tawfiq.